Kazi Yangu Ilikuwa Kuitikia

Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba betri. Mfuko mzima wa betri kubwa, zile za tochi, mzito kiasi kwamba mkono ulikufa ganzi kabla hatujaifikia nyumba tuliyokuwa tunaiendea, nje kidogo ya Kabati. Kituo chetu cha redio kule Kitui kilikuwa kimeniajiri kama msaidizi wa studio, na maana ya cheo hicho ni kufanya lolote ambalo wengine hawalitaki: kuchemsha chai, kupangusa vumbi, kukunja nyaya, kubeba betri. Mbele yangu alitembea Mtayarishaji wa Vipindi, mtu mrefu kutoka Murang'a, mpole, kinasa sauti kikining'inia begani mwake. Kikamba chake kiliishia kwenye salamu, ndiyo maana alitaka mtu wa kuandamana naye.

Tulikuwa tunakwenda kurekodi hadithi za kale, zile ambazo bibi na babu huwasimulia wajukuu ili wajue uchoyo humfikisha mtu wapi, na kwa nini si kila anayekuita kwa jina ni wa kumfuata. Kituo kilikuwa kimeanzisha kipindi cha watoto. Msimulizi wetu wa kwanza alikuwa mama mkongwe aitwaye Syokau.

Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, kisha akafunga mlango. Akafunga na dirisha. Mtayarishaji akaniuliza kulikoni. Nikamweleza kwamba kwetu hadithi husimuliwa jua likishatua, ukisimulia mchana ng'ombe watapotea malishoni, kwa hiyo Syokau alikuwa anajitengenezea usiku wake. Mtayarishaji alifurahi kwa sababu zake mwenyewe. Nyumba iliyofungwa haiingizi upepo, na upepo ukigonga maikrofoni husikika kama gunia linaloburutwa. Mila na ufundi vilipatana siku ile. Baadaye havikupatana mara nyingi.

Syokau akaitazama ile mashine kwa muda.

"Na hii ndiyo itanijibu?" akauliza.

"Hapana, susu," nikamwambia. Susu ni nyanya kwa Kikamba. "Hii inasikiliza tu."

"Sasa mimi nitaongea na nani?"

Ninyi vijana mnaorekodi kwa simu huenda mkaliona swali hilo la ajabu, kwa hiyo nieleze. Hadithi yetu ina watu wawili, anayesimulia na anayeitikia. Msimulizi hutoa maneno yake, kisha hutua. Mwitikiaji husema "Ii", yaani ndiyo, niko hapa, endelea. Bila hiyo "ii" hadithi haisogei, utadhani unasukuma punda aliyegoma. Mtayarishaji alipoelewa akaniambia, "Basi kaa hapo umjibu wewe. Polepole tu, na usiguse waya."

Nikaketi, nikaitikia. Mama yule alisimulia mpaka kanda ikaisha.

Tuliporudi Kitui, Mtayarishaji alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Enzi hizo kanda ilihaririwa kwa wembe: unasikiliza, unaweka alama kwa penseli, unakata kipande usichokitaka, unaunganisha ncha mbili kwa utepe wa gundi. Alikata "ii" zangu zote. Akakata na vile vituo vya Syokau, pale alipokuwa ametua. Nilimuuliza kwa adabu kwa nini, naye akanijibu kwa upole, "Redio haipendi kimya, Kalunde. Mtu akisikia kimya anadhani betri zake zimekwisha. Na sauti ya pili ni uchafu." Kipindi kikaenda hewani, safi kama sahani iliyosuguliwa.

Siku chache baadaye wanaume wawili walifika kituoni wakiwa na makoti ya kanisani. Walikuwa wana wa Syokau. Hawakutaka viti.

"Ni nani hapa amemfanya mama yetu mwendawazimu?" akauliza yule mkubwa.

Mtayarishaji akaniangalia, nami nikatafsiri. Yule mtu akaendelea: "Soko lote lilimsikia akiongea peke yake. Anasema, anasema, anasema, kama mtu anakimbizwa. Hakuna wa kumjibu! Sasa watu wanatuuliza, kwani mama yenu mmemtupa? Hana hata mtoto mmoja wa kumuitikia? Mpaka pasta ametuuliza."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumefanya. Kwetu anayesimulia bila kuitikiwa ni mwenye kichaa au ni mtu aliyeachwa, na mama yule hakuwa mmoja wao. Mtayarishaji alisimama. Akawaambia, "Poleni sana. Nilidhani ninasafisha." Hakujitetea zaidi ya hapo, na kwa hilo nilimheshimu maisha yangu yote.

Bahati ni kwamba alikuwa na tabia ya kuvitundika vipande alivyokata kwenye misumari ukutani, kila kimoja na alama yake. Tulishinda siku nzima tukizirudisha "ii" zangu kwa gundi, moja baada ya nyingine, na vile vituo pia. Kipindi kilirudiwa, na safari hii mtangazaji alisema: anayesimulia ni Syokau wa Kabati, anayeitikia ni Kalunde. Wana wake walituletea kuku.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kuitikia. Kwenye karatasi niliendelea kuwa msaidizi wa studio, baadaye fundi sauti, lakini wasimulizi hawakuuliza habari za vyeo. Waliuliza, "Yule wa kuitikia amekuja?" Niliingia nyumba nyingi kuliko nguo nilizowahi kuvaa, kutoka Kabati mpaka vijiji ambavyo gari lilituacha tukaendelea kwa miguu.

Msidhani ni kazi rahisi. "Ii" ya mahali fisi anapopiga hodi si ile ya mahali msichana anapoteka maji. Ukichelewa, mzee anadhani umesinzia, anakasirika. Ukiwahi, hilo ni baya zaidi, umemkanyaga. Inabidi umwache amalize, pumzi imtoke yote, kisha ndipo uweke neno lako. Na wakati huohuo jicho moja liko kwenye mshale wa kipimo cha sauti, usipande mpaka kwenye wekundu, maana wazee wakifika kwenye mazimwi hupiga kelele bila kukupa habari.

Kulikuwa na jambo jingine la ufundi nililolipenda kupita yote. Kila baada ya kurekodi tuliwaomba wenye nyumba wanyamaze, kisha tukairekodi nyumba yenyewe, kimya chake kitupu. Mhariri hukitumia kuziba mahali alipokata, kwa sababu kila nyumba ina kimya chake na ukiweka cha nyumba nyingine sikio linashtuka. Nyumba ya nyasi hunyamaza kivyake, ya mabati kivyake. Nyumba yenye watoto, hata wakizibwa midomo, unasikia kwamba wapo. Ile ya mtu anayeishi peke yake niliitambua mara moja nikivaa spika za masikioni, ingawa sikuweza kumweleza mtu yeyote niliitambua kwa nini.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa ofisi yetu ya Makueni. Huko bosi wangu alikuwa Mkuu wa Vipindi, mwanamke mkali wa miwani, ambaye hakupenda porojo. Siku moja nilicheka katikati ya hadithi ya sungura. Aliposikiliza ile kanda akaniita ofisini. "Kalunde," akasema, "wewe hulipwi kuongea. Unalipwa kunyamaza mahali panapofaa." Niliumia, lakini alisema kweli, na nimeyatumia maneno hayo kuwafundisha vijana wengi.

Makueni ndiko nilikoolewa, na Nzioka, fundi cherehani wa soko la Mbumbuni. Tulipata mtoto mmoja, Musyoka. Nzioka alikuwa mtu wa maneno. Jioni angenisimulia habari za wateja wake, nani amenenepa akadai suruali imepungua baada ya kufuliwa, nani ameshonewa sare ya kwaya akahama kwaya. Nami nilikuwa nimechoka, nikawa namjibu kwa sauti ile ya kazini, "Ii... Ii..." Alikuwa akinitania: "Mama Musyoka, hapa si redioni. Sema hata wewe neno." Tukacheka. Nilidhani ipo siku nitasema mengi.

Sasa niwaeleze jambo ambalo halikuwahi kwenda hewani. Wasimulizi wengi walikuwa na hadithi moja waliyoiweka kando. Wangesimulia tano, sita, saba, kisha waseme, "Iliyobaki ni ya nyumba." Hadithi ya nyumba ni ile uliyopewa na nyanya au babu yako ili uwape wajukuu wako, siyo wa jirani. Wakishasema hivyo mimi nilizima mashine. Meneja wa Kituo, wa wakati huo, hakupenda. Aliniambia, "Hiyo wanayoficha ndiyo tamu. Niletee hiyo." Sikumletea, na kusema kweli nisingeweza, kwa kuwa hakuna aliyekubali.

Kule Kalamba kulikuwa na mzee aitwaye Kilonzo, msimulizi hodari kuliko wote niliopata kuwaitikia. Wajukuu wake wote walikuwa mijini. Kila nilipokwenda nilimuuliza, "Umau, wamekuja?" Umau ni babu. Naye hujibu, "Wanakuja Krismasi." Krismasi walikuja kweli, wakala, wakapiga picha, wakaondoka kabla mwaka haujageuka. Alipofariki nilikwenda mazishini. Mjukuu wake mmoja, kijana mwenye adabu, akanifuata nyuma ya hema. "Auntie, tumeambiwa mko na sauti ya umau kwa redio. Kuna stori moja alikuwa anasema ni yetu. Hiyo mko nayo?"

Tulikuwa na sauti nyingi ya Kilonzo, rafu nzima. Hiyo moja hatukuwa nayo. Kijana akasema asante, akarudi kwa wenzake. Nilibaki pale nyuma ya hema. Mimi pia nina hadithi ya nyumba. Nilipewa na nyanya yangu tulipokuwa tukichambua mbaazi, nami sikuwa nimempa mtu.

Nilistaafu wakati mashine zilipokuwa zimeshakuwa ndogo kama sabuni ya kipande. Hadithi zilirekodiwa studioni, msimulizi mmoja, chumba kimoja, na muziki ukawekwa chini kujaza vituo. Sina ugomvi na muziki. Waliniaga kwa keki na saa ya ukutani, Meneja akatoa hotuba akisema nimetumikia kituo kwa uaminifu. Wote wakapiga makofi. Ilipofika zamu yangu nikasema tu, "Ii, asanteni."

Nilirudi Mbumbuni nikiwa na hamu ya kukaa na Nzioka na kumwambia yote ambayo sikuwa nimemwambia. Tulipata msimu mmoja wa mvua. Alianza kuumwa tukiwa tunapalilia kunde, na kabla hazijakauka nilikuwa mjane.

Nina upweke, sitaki kuyazungusha maneno. Akina mama wa kanisa huja Alhamisi, tunaomba, tunakunywa chai, nao wanaondoka kabla giza halijaingia kwa sababu kila mmoja ana wa kumpikia. Baada ya hapo nabaki na nyumba. Mchana mabati hulia yakipata joto, jioni hulia tena yakipoa. Kuku hukwaruza nyuma ya jiko. Saa ya kituo inapiga ukutani. Nakijua kimya hiki vizuri, nilikuwa nakikuta kwenye nyumba za watu.

Mwanangu Musyoka ni fundi wa malori huko Mlolongo. Ana mtoto mmoja, Mumbua, mwenye umri wa darasa la nne. Walikuja Desemba. Jioni ya pili nilimketisha Mumbua kando yangu nikaanza hadithi ya nyumba, kwa Kiswahili, maana Kikamba hana, zaidi ya kuniita susu. Nikatoa maneno ya kwanza, nikatua. Mtoto akanikodolea macho. Nikaendelea, nikatua tena. Kimya. Alikuwa ametulia na mikono mapajani, kama wanavyofundishwa shuleni mkubwa akiongea. Haikuwa ukosefu wa adabu, ilikuwa adabu yenyewe. Lakini mimi nilikwama. Ulimi uligoma kabisa, nikamwambia, "Kula kwanza, tutaendelea." Kesho yake gari lao liliondoka mapema.

Baada ya hapo wazo la Kilonzo halikuniacha. Nikampigia Musyoka. Akasema, "Mama, si urekodi tu kwa simu umtumie voice note? Atasikiliza akitoka shule."

Kurekodi! Nilijicheka. Jioni iliyofuata, jua likiwa limetua, nilifunga mlango na dirisha kama Syokau, nikaweka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isingurume, nikasimulia.

Sitaiandika hapa yote, kwa kuwa ni ya nyumba. Nitawapa mifupa yake tu. Kulikuwa na msichana aliyetumwa kuteka maji kwenye mto wa mchanga, ule ambao maji yake huchimbwa, msimu wa vumbi, wakati ambapo mtu haoni hata miguu yake. Nyanya yake alikuwa mzee, hakuweza kwenda naye. Wakapatana hivi: akifika kila kilima ataita, na nyanya ataitika kutoka nyumbani, ili ajue nyumbani ni upande gani. Fisi akasikia. Akajifunza ile sauti ya nyanya mpaka akaiweza kabisa, mikwaruzo yake yote. Siku moja vumbi likatanda, msichana akaita, na sauti zikaitika kutoka pande mbili. Angefanya nini? Zote zilikuwa sauti ya nyanya. Lakini fisi ana njaa, hawezi kungoja. Aliitika kabla msichana hajamaliza kuita. Ile nyingine ilingoja mpaka akamaliza, ndipo ikaitika. Msichana akaifuata ile iliyongoja.

Nilisimulia nikiacha nafasi kila mahali panapohitaji "ii". Na mwisho nikaweka maneno ya kufungia hadithi, ambayo ni ya utani: wewe utajirike kwa panya ghalani mwako, mimi nitajirike kwa ng'ombe zizini mwangu. Msikilizaji hutakiwa akurudishie panya wako, mcheke, hadithi iishe. Nikatuma.

Siku zikapita. Alama zilionyesha ujumbe umesikilizwa. Hakuna jibu. Hatimaye Musyoka akapiga.

"Mama, ile voice note iko na shida. Inanyamaza-nyamaza. Mumbua ameiskiza akasema ni network ya huko kwenu. Nilikuwa nataka kuikatakata hapo kwa kimya, halafu nikasema wacha nikuulize."

Nikamwona Mtayarishaji na wembe wake.

"Usikate!" nikasema. "Musyoka, nakuomba, usikate hata kidogo. Hapo ndipo anapoitikia."

"Anaitikia aje na wewe hauko?"

Nikamwambia tu, "Mwambie aseme 'ii'. Mwambie angoje nimalize, halafu aseme." Akasema sawa, mama, nitamwambia, kwa sauti ya mtu anayetaka kurudi kazini. Nilikata simu nikiwa nimekata tamaa. Nilijiambia hadithi imefika, na kufika ni kitu. Sikuyaamini maneno yangu.

Jumapili jioni nilikuwa nachambua mchele simu ikalia. Ilikuwa voice note kutoka kwa Musyoka, ndefu kupita kiasi. Nikaibonyeza. Kwanza nilisikia kimya cha nyumba yao: televisheni ya jirani ukutani, lori likirudi nyuma, sufuria ikifunikwa. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke mzee, ndogo, ikitoka kwenye simu nyingine. Sikuitambua upesi. Ilikuwa yangu.

Sauti yangu ikasema maneno ya kwanza, ikatua. Na pale nilipokuwa nimetua, mtoto akasema, "Ii."

Nikaacha mchele. Alikuwa amecheza ile hadithi kwa simu ya mama yake na kurekodi kwa simu ya baba yake, na kila nilipotua aliitikia. Mahali pengine alichelewa kidogo. Mahali pa fisi aliitikia kwa sauti ya chini, na hilo hakufundishwa na mtu. Hakuna hata mara moja aliponikanyaga. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke, nani alikuwa wa kuniona?

Tukafika mwisho. Yule mwanamke mzee wa kwenye simu akamtakia panya, akajitakia ng'ombe. Palikuwa na kimya, kwa sababu sikuwa nimemfundisha mtu yeyote huko nini kinafuata. Nilimsikia akipumua. Kisha akaita, kwa nguvu, kama mtu aliye juu ya kilima:

"Susu? Susuuu?"

Nikangoja amalize. Kisha nikaitika, ingawa ile sauti ilikuwa imekwisha na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.